Nyungu Kumi na Mbili za Mama Béata

Keshero, Goma
Tarehe 9 Machi 2014

Kwako mudogo wangu Cyprien,

Tumusifu Yesu Kristu. Natumaini karatasi hii itakukuta na mwili muzima, wewe na shemeji Jolie na mutoto Igihozo, ambaye tunasikia ameanza kutembea. Baridi ya huko Ulaya imepungua? Sisi huku tunapumua. Magoti ya bwana yangu Dieudonné yangali yanamusumbua mvua ikinyesha, lakini kazini anaenda. Binti yetu Bénita yuko mwaka wa pili wa secondaire na amekwisha kunipita urefu.

Nimeanza na salamu kwa sababu Mama alitufundisha kumusalimia mutu hata ukiwa umemukasirikia. Basi nimekusalimia.

Sista Apolline wa parokia yetu alirudi kutoka huko wiki mbili zilizopita, akaniletea bahasha yako. Nilifikiri ni foto ya mutoto. Nikakuta karatasi ya maulizo kumi na tano ya labo: Mama alichimba udongo upande gani wa bonde, alichanganya nini, kwa kipimo gani, moto uliwaka saa ngapi. Mwishoni umeandika kwamba nyungu munazofinyanga huko zinapasuka ndani ya tanuru, na maprofesere wanaanza kukata tamaa. Nimeisoma mbele na nyuma. Hakuna mahali umeuliza kaburi la Mama liko namna gani.

Lakini Sista alileta kitu kingine ambacho haukumutuma. Alikinunua mwenyewe pale kwenye maonyesho yenu ya nyungu akifikiri atatufurahisha, masikini. Ni kile kitabu kizuri cha proje yenu, chenye bendera za nchi tatu kwenye jalada. Tulikifungua mezani wote pamoja. Ukurasa wa thelathini na moja tukaona mikono ya Mama. Mikono tu, uso mulikata. Chini yake: *femme inconnue, déplacée de guerre*. Dieudonné akasoma kwa sauti, mwanamuke asiyejulikana, mukimbizi wa vita. Bénita akaniangalia, akasema, "Lakini huyu si koko?" Mutoto alimutambua bibi yake kwa mikono tu.

Foto ile ulipiga wewe mwenyewe, mwaka 2011, ndani ya kiwanja chetu Kibati. Hatukuwa tumekimbia bado. Mama alikuwa kwake, juu ya mukeka wake, na alikuwa amekupikia maharagi.

Utaniambia ni wazungu waliandika. Sawa. Ila ukurasa wa kwanza kuna jina lako na sinyatire yako, na wanakusifu kwamba wewe ndiye uliyegundua upya ufundi uliopotea. Uligundua nini, Cyprien? Maji ya kukuosha siku ulipozaliwa yalipashwa moto ndani ya nyungu ya Mama. Ufundi haukuwa umepotea, ulikuwa unakuita uje kula.

Halafu kuna zile nyungu mupya za huko kwenu. Chini ya kila moja nimeona alama ya Mama, kucha tatu na kidole gumba. Unajua vizuri kwamba alama ya mwanamuke inakwenda naye kaburini. Mimi binti yake, niliyekaa kando yake miaka ishirini na sita, siigusi. Wewe umeikamata na kuifanya chapa.

Nakumbuka siku mulikuja na wale wageni, yule Mujapani mupole, yule Mubelgiji, na yule bibi wa Italia aliyelia alipoona moto wetu wa majani. Ulisimama mbele ya chefu na watu wa parokia, ukasema mataifa yameshikana mikono juu ya sayansi na sanaa ya udongo, kwamba Kibati itapata tanuru na darasa la wasichana, na kwamba nyungu kumi na mbili za Mama zitaenda kuchunguzwa, kisha zitarudi ndani ya mwaka mumoja. Mama alikupa zote. Jirani yetu muzee Hitimana alimushauri abakize hata moja. Alijibu kwamba mutoto wake si mwizi.

Mwezi wa kumi na moja 2012 vita ilitukuta. Tulitoka na godoro moja, na Mama akakataa kuacha jiwe lake la kusagia. Dieudonné akalibeba begani mpaka Goma, watu wakimucheka njiani. Mwezi wa kwanza kifua kikamuchukua, tukamuzika huku huku. Nilikupigia simu siku alipokufa nikakuomba nyungu moja tu, hata kama ingefika baada ya mwezi. Ulisema zimekwisha kuingia ndani ya collection ya musée, ile nyumba ya makumbusho, haziwezi kutoka. Nilirudi Kibati kutafuta hata kigae. Nyumba ilikuwa majivu, na vigae vyote vilizolewa kujaza mashimo ya barabara. Kwa hiyo tulimuzika Mama bila kuvunja kitu, kama mutu ambaye hakuwahi kufinyanga maisha yake yote.

Sasa nijibu ulizo lako la saba, juu ya unga mweusi.

Ndani ya video uliyopiga mbele ya wale wageni Mama anaonekana akinyunyiza ule unga kwenye udongo, nawe ukawaambia maprofesere ni muchanga wa volkano. Nilikuwa pale. Mama aliniangalia, nikanyamaza. Hakutaka kuongelea kifo mbele ya wageni, na mimi nilikuacha ukosee. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Ule unga ulikuwa nyungu ya koko wetu. Mufinyanzi akifa tunavunja nyungu yake juu ya kaburi. Wanawake wanaokota vigae, wanavisaga, na unga ule unaingia kidogo kidogo ndani ya udongo wa binti zake, miaka na miaka. Ndio unaozuia nyungu kupasuka motoni. Mwanaume haruhusiwi kufika kwenye lile jiwe wakati wa kusaga, ndiyo maana haukujua.

Unga wa koko uliisha. Wa Mama haupo, kwa sababu Mama mumemufungia ndani ya kioo. Zangu pia zinapasuka, Cyprien. Tangu mwaka jana nimefinyanga ishirini na mbili, zimepona nne. Jirani ananiambia nisage matofali ya kuchomwa, na pengine labo yenu itaona yanafaa. Fanyeni. Jiwe la Mama halitasaga tofali nikiwa hai. Liko mulangoni kwangu, kavu, na Bénita ameanza kuniuliza lini nitamufundisha.

Najua unapofika hapa unawaza nini, maana nilikubeba mugongoni. Usithubutu kuvunja hata moja huko kwa ajili ya labo. Nataka ile yenye mudomo uliopinda, aliyofinyanga wiki uliyopata diplome yako, akicheka kwamba furaha imemutetemesha mikono. Uifunge ndani ya nguo zako uje nayo. Usimupe Sista. Uje wewe, usimame kwenye kaburi, uivunje kwa mukono wako. Nitakupa nusu ya unga, na lawama za wakina shangazi nitazibeba mimi. Ukikataa, baki na zote kumi na mbili, na maulizo yako mengine yote uwaulize wale walioandika kitabu.

Wangekuwa wageni tu waliotufanyia hivi, ningekwisha kusahau. Ninaumia kwa sababu ni wewe.

Dieudonné anakusalimia, na Bénita, ingawa ameficha kile kitabu na hataki kunionyesha wapi. Shangazi Mukamugema anauliza kama unasali. Muzee Hitimana anatikisa kichwa tu. Umukumbatie shemeji Jolie, na mutoto umubusu kwenye paji la uso.

Mungu aliyetufinyanga wote akulinde kwenye njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata leo,

Lucie, mutoto wa Béata.

Uandike hivyo kwenye kitabu chenu. Majina yote mawili.