Yule Aliyerudi Kitandani

Jumatatu, Nachingwea. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Nimejifungia ndani kama mwali.

Nina aibu. Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu: natafsiri picha kwenye kibanda cha video. Wazungu wanaongea, mimi na kipaza sauti nawawekea Kiswahili juu yao. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nisipoelewa, natunga, na watu wanacheka.

Jana mchana niliweka picha ya zamani ya vita. Wafungwa wamechimba shimo chini ya kambi ili watoroke. Zamu ya mmoja ilipofika akachungulia shimoni, akatetemeka, akarudi kulala. Nikapata pa kuchekeshea. "Huyu kakumbuka ugali! Mwoga, mama yake anamwita!" Kibanda kizima hoi.

Mzee Amuri akasimama. Ni jirani yangu, anabangua korosho, Mmakua aliyekuja huku enzi za vita vya Msumbiji akabaki. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkaribisha kibandani.

"Mwanangu, yule si mwoga," akasema.

Nami, kwenye kipaza sauti: "Mzee kaa chini, unatuzibia picha."

Wakacheka tena. Akatoka taratibu, anapapasa ukuta gizani.

Mimi huyo, niliyefundwa jandoni kumpisha mkubwa njia.

Leo asubuhi nikaenda kumwomba radhi. Shikamoo yangu akaiitikia kama kawaida, akanisogezea kigoda. Halafu akanisimulia, mikono yake ikiwa kwenye korosho muda wote. Wareno walimkamata ng'ambo ya Ruvuma, wakamfungia ghalani na wenzake watatu. Wao wanne wakatoboa ukuta wa udongo kwa kipande cha bati. Siku ya kutoka, mmoja wao mwili ukamgomea. Akawaambia, nendeni. Wakaenda. Mpaka leo Mzee hajasikia habari zake.

Kisha akaniuliza:

"Yule wa kwenye picha, aliyerudi kitandani, walimfanyaje?"

Sikujua. Picha hiyo nimeshaionyesha mara tatu, na kila ikifika hapo mimi nachekesha watu.

"Waliachiwa wote, Mzee. Vita vilipoisha akarudi kwao."

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza mikono ikatulia. Akanifungia korosho za kwenda nazo. Nikazipokea, Mungu anisamehe.

Niliporudi nimeiangalia picha yote peke yangu, mdomo nimeufunga. Yule mtu hawamwonyeshi tena. Wanamwacha pale, uso kauelekeza ukutani, wanawafuata wanaokimbia.

Basi nimetunga tena, na safari hii nimemtungia mtu aliyengoja jibu karibu umri wake wote.

Nikamwambie ukweli kesho? Au hapo nitakuwa namnyang'anya usingizi wake ili nilale mimi?