Baba wa Shaba Si Jemadari

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya magari
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wanangu wawili, yule wa kikohozi amepona? Huku tu wazima wa mwili. Mama goti humsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea mpaka sokoni na kurudi akilalamika kwamba nyanya za siku hizi ni maji matupu. Saluni inakwenda, vidole vimeota sugu za kusuka. Salamu zangu ni fupi leo kwa sababu nina hasira, na hasira ikikaa sana tumboni huchacha.

Barua yako imefika. Unanitaka nimwombe kaka radhi kwa kumvua nguo mbele za watu "kwa ajili ya mbwa tu." Mdogo wangu, umesikia upande mmoja, na upande huo umepakwa asali. Kaa chini nikueleze.

Unakumbuka nilivyofurahi kaka aliponiletea Shaba. Alikuja naye pamoja na cheti cha nasaba chenye muhuri wa chama cha wafugaji wa mbwa: baba ni Jemadari, dume aliyeshinda maonyesho, mama ni Zabibu, jike wa kaka mwenyewe, chini yao babu na bibi, kila mmoja na rangi yake. Nilikitia kwenye fremu, nikakitundika saluni juu ya kioo. Wateja wakawa wananitania, "Mwenzetu, mbwa wako anamjua babu wa babu yake. Sisi hata shangazi wengine tunakutana nao msibani."

Mwaka huu Shaba akaanza kugonga viti. Nilimcheka, nikadhani ni uzembe wa ujana. Kisha ikawa jua likizama hataki kushuka ngazi, anasimama juu analia. Daktari wa mifugo alimmulika macho, akaniuliza wazazi wake ni nani. Nikawataja kwa mbwembwe zote.

"Dada," akasema, "huu upofu ni wa kurithi. Mtoto haupati mpaka aurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Watafute hao wazazi wapimwe. Shaba hatuwezi kumrudishia macho, lakini ana ndugu."

Chama kilinielekeza kwa mwenye Jemadari, mkunga mstaafu anayeishi ghorofani karibu na posta. Akanikaribisha chai, akanionyesha picha za mbwa wake kama mtu anayeonyesha wajukuu. Nilipomtaja Zabibu akaweka kikombe chini.

"Jemadari hajawahi kukutanishwa na Zabibu. Kaka yako alimleta jike mwingine, zamani, ndipo akapata namba za usajili wa mbwa wangu. Baadaye Jemadari aliota uvimbe, akahasiwa. Huyo Zabibu wakati huo alikuwa bado ananyonya."

Sikurudi saluni. Nilikwenda moja kwa moja kwa kaka, nikapitia mlango wa uani. Unamkumbuka Kishindo, ndugu yake Zabibu wa tumbo moja? Yule ambaye kaka husema ni mkali, ndiyo maana hafunguliwi wageni wakija? Mkali wapi! Alikuja kunipokea akitikisa mkia, akanipita ubavuni, akagonga ukuta kwa pua. Macho yanang'aa kama sahani iliyooshwa, wala hayaoni kitu.

Kaka akatokea na bakuli la chakula mkononi.

"Baba wa Shaba ni huyu?" nikamwuliza.

Akacheka. "We msusi, ukoo wa mbwa unakuwashia nini? Mbwa hana mjomba."

"Ulijua kwamba haoni?"

"Wakati ule alikuwa bado anaona kidogo."

Kidogo! Mdogo wangu, nilitamani kumvika lile bakuli kichwani.

Maana sikiliza. Dada yake Shaba alichukuliwa na fundi viatu wa pale stendi. Aligongwa na lori mchana kweupe. Fundi yule alilia kama aliyefiwa, akijilaumu kwamba alimwachia kamba. Kaka alikwenda kumpa pole, na unajua alimwambia nini? "Ndiyo hivyo, mbwa wengine hawana akili." Alijua sababu, akamwacha mtu mzima abebe mzigo usio wake. Cheti cha uongo ningeweza kukichana nikanyamaza. Hilo nilishindwa kulimeza.

Na Zabibu alikuwa na mimba tena, ya Kishindo yuleyule. Watoto walikuwa wameshaahidiwa watu, na mmoja ni huyo uliyeahidiwa wewe, ambaye wanangu wa huko wameshamchagulia jina. Nikamsihi kaka awaambie wenyewe, kwa kinywa chake. Badala yake alikwenda kunishtaki kwa mama. Mama akaniita, akasema damu nzito kuliko maji, ya nyumbani yafie nyumbani. Nikamjibu, "Mama, ni damu hiyohiyo inayowapofusha."

Ndipo nikaenda kwenye mkutano wa chama, mkunga ubavuni kwangu. Wakaagiza Shaba na Kishindo wapimwe vinasaba. Majibu yakarudi: baba na mtoto. Kaka kafutwa uanachama, vyeti vya uzao ule vimebatilishwa, na hawa watoto wapya hawatoki mpaka wapimwe macho na kuhasiwa. Kaka alisimama mbele ya watu wote akasema kuanzia siku ile hana dada. Hilo hakukwambia, au siyo?

Nililia, sikufichi. Lakini kesho yake nilikwenda stendi. Nilimweleza fundi viatu yote, kuanzia kwa daktari hadi majibu ya vipimo. Shaba nilikuwa naye. Fundi aliweka nyundo chini, akamshika Shaba kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo," akasema, "sikumuua mimi."

Basi usiniandikie tena habari za radhi. Kaka ana deni la maneno pale stendi. Akishayasema, aje kwangu, chakula kitakuwa mezani.

Msalimie shemeji, na wanangu waambie mama yenu mkubwa anawatafutia mbwa mwingine, mwenye wazazi wanaojulikana. Mama anakusalimu, ingawa mimi bado ananinunia. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na macho ya kuonana tena.

Dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimefura,
Msusi