Transista ya Mtihani

Binti yangu, mjinga wa leo ni mimi. ~~Transmita yako ya redio imejiunguza yenyewe.~~ Nimeiunguza mimi asubuhi, ulipokuwa bado umelala. Nilipandisha sauti ya maiki hadi mwisho nikidhani ndivyo itakavyofika mbali. Kumbe wimbi la redio lina kiasi chake. Ukilibebesha sauti kupita hapo linakatika, maneno yanatoka mikwaruzo mitupu. Nikazidi kupiga kelele, transista, kile kidude cha ndani cha kukuza nguvu, ikafuka moshi.

Nimekwenda kwa fundi kutafuta nyingine kabla ya mtihani wako wa leseni ya kurusha redio saa kumi. Usiwashe kitu. Chai iko kwenye chupa.

Baba yako, bingwa wa kuharibu

Nyongeza: Nilimwambia mama yako nilitaka tu kukusaidia usikike. Akanijibu, “Alikuwa anasikika vizuri, mpaka ulipoanza kumsaidia.”