Nukta za Njano na Mpini wa Pampu

Jumatatu, 2 Septemba 2002
Nimepiga chapa orodha ya waimbaji, nakala tatu. Riboni imekauka. Herufi a ya mashine yangu bado inaruka juu ya mstari, kama mtoto asiyetaka kukaa kanisani. Kila nakala nimeigonga muhuri wa kwaya, wino wa zambarau. Barua bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Nilifundishwa hivyo ofisini Bukavu na sijaona sababu ya kubadilika. Muhuri unakaa sandukuni, ufunguo shingoni mwangu. Mimi ndiye katibu.

Maji hakuna. Baba Etabo, rais wa kamati ya pampu, bado anang'oa mpini kila jioni na kwenda nao nyumbani kwake, eti usiibwe. Leo tumemngoja hadi jua likapanda. Alikuwa anaoga. Anaoga kwa maji yepi, nami ndoo zangu kavu? Nina hasira hadi sasa.

Na huyu ndiye baba yake Yohana, anayemposa binti yangu Neema. Watakuja rasmi Jumamosi tarehe 28. Neema ameshachagua kitenge. Basi nimenyamaza.

Jumatano, 4 Septemba
Mama Sifa ameanguka kwenye foleni ya maji. Ana mimba ya miezi minane. Tumempepea, ameamka, anaendelea vizuri. Baba Etabo akafika, mpini begani kama bunduki, akasema watu hawana subira.

Jioni wanawake sita wamekuja kwangu. Wanataka barua kwa viongozi wa kambi, isiyo na jina. "Mama Neema, we njo unajua maneno ya biro, ya ofisi." Nikakubali kabla ya kufikiri. Mdomo wangu siku zote unatangulia.

Sasa ndiyo nafikiri. Mashine yangu haifai, ile a inajulikana kambi yote ya Dzaleka kuliko mimi. Mwandiko pia haufai. Mkono huu umejaza fomu za nusu ya kambi. Baba Etabo akijua ni mimi, posa imekufa. Hatakubali mwanawe aoe katika nyumba iliyomshitaki, na Neema hatanisamehe.

Dawa ni Lilongwe.

Ijumaa, 6 Septemba
Kwenye karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini sababu ni "kununua riboni". Si uongo, nimeinunua. Kabaza hadi barabara kuu, nimepakiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi, nikimwomba Mungu kila bonde. Kutoka hapo lori la unga wa mahindi. Nimefika Biwi, mtaa wa Lilongwe, mweupe kwa unga.

Deo ni mtu wa Bukavu kama mimi. Ana chumba, kompyuta, na printa kubwa ya rangi aliyoinunua kuukuu. Barua ikatoka safi, kila a mahali pake. Nilikuwa na furaha kwa muda wa dakika tatu hivi.

Kisha Deo akaanza kuisifu mashine yake. "Mama, hii iko na akili. Inatia nukta za njano pa kila karatasi, ndogo ndogo, macho haiwezi kuona. Njo namba yake. Benye kuitengeneza banaweza kujua karatasi ilitokea wapi."

Nikacheka. Akaazima kioo cha kukuzia kwa fundi wa saa wa mlango wa pili. Nikatazama pembeni, mahali peupe pasipo na neno. Zipo. Kama unga wa yale mahindi ya njano ya msaada.

Deo anasema zimewekwa kwa ajili ya wanaochapa fedha za uongo. "Njo sekirite, njo usalama, Mama. Kama hauibi, unaogopa nini?" Nikamwambia natafuta maji, si fedha. Akasema basi nukta hazinihusu. Nikamuuliza, kama hazinihusu, zinafanya nini kwenye karatasi yangu? Akasema mwizi naye angeuliza hivyohivyo. Tumebishana hadi chai ikapoa. Ana haki kidogo, nami nina haki kidogo, na hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumamosi, 7 Septemba
Kama huibi, unaogopa nini. Askari alituambia neno hilohilo Bukavu, vita ilipoingia mara ya pili. Kuna karatasi zilikuwa zimetupwa sokoni, za kuwasema wakubwa wapya. Wakakusanya mashine zote za ofisi yetu, wakatupigisha chapa mstari mmoja, kila mtu kwenye mashine yake. Ya mzee Zihindula ikafanana. Lakini mashine haina mlango. Mtu yeyote angeweza kuikalia mzee alipokwenda kula. Walimchukua, hakurudi. Alikuwa bosi wangu, ndiye aliyenifundisha kazi tangu riboni hadi muhuri. Nilimpenda sana yule mzee.

Basi leo nimekwenda mji wa Mponela, bila ruhusa ya mtu. Deo mwenyewe alisema fotokopi nyeusi haioni njano. Nimetoa kopi moja. Ile ya Biwi nimeichoma, majivu nimeyamwaga chooni. Mimi si mjinga.

Jumapili, 8 Septemba
Baada ya ibada nimepiga orodha mpya ya waimbaji. Nikaisoma ile barua mara ya mwisho, nikaimalizia, nikaikunja mara tatu. Nimeibeba kwa ncha ya kitenge, nisije nikaacha alama za vidole. Nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi ya viongozi. Hakuna aliyeniona. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 11 Septemba
Viongozi wameisoma barua. Kisha wamempa Baba Etabo mwenyewe, eti alishughulikie jambo lake. Kesi ya nyani imepewa ngedere.

Ameitisha mkutano. Anataka kila mwenye mashine ya kuandika alete ukurasa wa mfano, ukurasa huo uwekwe ofisini, kwa usalama wa wote. Kambi imegawanyika. Wengine wamesema ni vizuri, kuna barua za vitisho zinazunguka, mwenye kuziandika ajulikane. Mwalimu akasimama: "Leo bataomba mfano ya mashini. Kesho ya mwandiko. Kesho kutwa batatuimbisha moja moja, bajue sauti zetu." Fundi wa cherehani akauliza kama naye alete kipande cha nguo. Watu wakacheka, Baba Etabo hakucheka.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Ndipo akaniteua niwe mtaalamu wa kuchunguza kurasa hizo. Mbele ya watu wote. Nikakubali. Mdomo tena.

Jumanne, 17 Septemba
Zimeletwa kurasa tano, pamoja na wangu. Nazichunguza kwa uso wa kazi. Najitafuta mwenyewe na sijipati.

Kila asubuhi Baba Etabo anapita mlangoni. "Mukwe, umeshamupata?" Bado, nasema. Anatikisa kichwa, anakwenda zake na mpini. Barua yenyewe hanionyeshi. Anasema ataionyesha mwishoni.

Nsima, ugali wa huku, naiacha sahanini. Neema ameuliza nina nini. Nimesema malaria. Ameniletea vidonge, nikavimeza, vichungu kama dhambi.

Jumatatu, 23 Septemba
Nilitaka kumwambia Neema. Nimemkuta anapiga pasi kitenge chake kwa mara ya tatu wiki hii. Sikumwambia. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 28 Septemba
Wamekuja watu tisa. Yohana alitoka jasho hata shati likabadilika rangi. Nimepika kuku, wali, sombe ya majani ya muhogo. Baada ya maombi Baba Etabo ametoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya magoti yangu. Imekunjwa mara tatu.

"Fungua, mukwe. Angalia chini."

Nikafungua. Chini ya neno la mwisho kuna muhuri. Wa mviringo, zambarau, umenyooka, kila herufi inasomeka: Kwaya, Katibu. Muhuri mzuri kabisa. Nimekwenda Lilongwe, nimekwenda Mponela, nimezikimbia nukta zisizoonekana kwa macho, halafu nimerudi nyumbani nikafungua sanduku kwa ufunguo wa shingoni na kuligonga jina la kazi yangu katikati ya karatasi. Sikumbuki hata kuugonga. Nilikuwa na orodha za kwaya mezani, mkono ukaunganisha. Miaka ishirini mkono huu haujatoa barua bila muhuri.

"Niliiona siku ya kwanza," Baba Etabo akasema polepole. "Lakini mutu hawezi kushitaki mukwe wake mbele ya batu. Nikangoja aseme yeye mwenyewe."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikasema ni mimi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshazama, nikasema na mengine: kwamba Mama Sifa alianguka, kwamba mtu mmoja hawezi kulala na maji ya watu elfu kitandani kwake. Neema alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Baba Etabo akamtuma Yohana nje. Akarudi na kitu kirefu kimefungwa katika kitambaa cheupe. Nilidhani ni zawadi ya posa. Ni mpini.

"Ikae kwako," akasema. "We utaona."

Posa imepita. Neema amelia kwa furaha. Mimi nimelia pia, na bado sijui kwa lipi.

Jumatatu, 7 Oktoba
Mpini uko nyuma ya mlango wangu. Wamegonga alfajiri nikiwa ninaoga. Nikavaa haraka, nikatafuta ufunguo, nikatafuta kandambili, wakagonga tena. Watu hawana subira.

Nimeyaandika maneno hayo na sasa nayatazama.

Alhamisi, 10 Oktoba
Asubuhi nimekuta karatasi chini ya mlango. Haina jina, haina muhuri. Inasema mwenye mpini wa sasa anachelewa kuliko yule wa kwanza. Imeandikwa kwa kalamu, herufi kubwa tupu, za kujificha. Lakini ile K yenye mguu mrefu naijua. Niliifundisha mwenyewe, mezani petu Bukavu, mwenye kufundishwa akiwa na miaka mitano na penseli imemzidi kimo.

Neema alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Sikumuuliza neno. Karatasi nimeitia motoni chini ya sufuria.

Nimeupeleka mpini pampuni. Fundi wa baiskeli ameukaza kwa boliti mbili, utakaa palepale. Kulikuwa na watu wanne tu. Nimepanga foleni, nimejaza ndoo zangu, nimerudi nyumbani.