Mlango Unaoitwa wa Muuru

Jumanne, jioni

Sasa hata milango siiamini.

Ule wa plastiki tuliuona asubuhi mjini Embu. Muuzaji alisema hauliwi na mchwa wala haufuri kwa mvua. Niliugonga, ukalia kama mtungi mtupu. Tangu Baba aende kazi Mombasa tunalala wawili tu, mimi na Mama. Mlango wa mtungi utamzuia nani?

Tukarudi hapa Kibugu kwa fundi, tuone wa mbao. Akatuonyesha mmoja: "Huu ni muuru mtupu, Mama, mbao ngumu ya kudumu. Hata wajukuu wako wataufunga." Mama akacheka. Mimi niliinama pembeni, mahali vanishi haikufika vizuri, nikaona vidoa vinavyometameta. Navijua. Ni vya mukima, mti wa bei rahisi ninaopasua kuni kila siku. Tena mbao ilikuwa na unyevu, ikikauka itapinda.

"Unatafuta nini hapo, msichana? Siku hizi shuleni wanafundisha mbao?" fundi akaniuliza.

Nikainuka, nikarudi nyuma ya Mama. Hii aibu yangu...

Njiani Mama alisema kesho tutauchukua. "Yule ni mzee wa kanisa, hawezi kutudanganya." Labda. Lakini mbona alisimama mbele ya ile pembe mpaka tukaondoka?

Kusema nimeshindwa. Nimepasua kipande cha mukima na kukiweka kando ya kikombe cha chai cha Mama. Amekigeuzageuza kwenye taa.

"Ndicho ulichoona kwa fundi?"

Nimeitikia kwa kichwa.

"Basi kesho twende tena. Na utamwambia wewe."

 Nusura nimwambie tuchukue tu ule wa plastiki.