Nyuzi Mbili za Chini

Jumamosi, 3 Mei

Limefika! Limefika, limefika, limefika!

Nimelifuata mwenyewe karakana kwa Randa. Ndivyo tunavyomwita fundi, jina lake halisi sijawahi kulisikia. Hakuniruhusu kuligusa mpaka ninawe mikono. Kwa sabuni! Nikanawa. Akafungua boksi polepole kama mtu anayefunua mtoto mchanga asimwamshe, akasema haya mama, mchukue mwanao.

Gitaa la umeme, nyuzi nane. Nane! Maisha yangu yote nimepiga la nyuzi sita nikadhani dunia imeishia pale. Rangi ya kahawia iliyokolea, mistari ya mbao inaonekana, hakuna madoido. Zito — bega litanieleza kesho. Shingo ni pana lakini nyuma ni nyembamba, na imeukubali mkono wangu papo hapo. Nikakumbuka siku ya kwanza, Randa alivyonipa donge la udongo akaniambia nilikamate kama ninavyokamata gitaa, nibane, nisiachie mpaka aseme. Nilimcheka siku ile. Kumbe shingo yote kaichonga kwa kufuata lile donge! Mikono yangu hii midogo ya kushonea mapazia, kwa mara ya kwanza kuna kitu kimetengenezwa kikaifuata yenyewe. Nilitaka kulia pale pale kwenye maranda. Nikajikaza.

Vyuma vya shingoni, vile vya kubonyezea nyuzi, vimekaa mshazari, vimetawanyika kama vidole vilivyofunguliwa. Nilidhani amekosea, nikavitazama kwa adabu. Akaniona, akacheka. Uzi mnene unataka urefu, akasema, ukiufupisha unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Basi za chini ndefu, za juu fupi. Nani angefikiri! Nimemshukuru mpaka akaona haya, akajifanya anatafuta bisibisi.

Mume wangu, nilipoingia nalo ndani: hilo gitaa au ubao wa kupigia pasi? Nikampita. Leo sina nafasi ya kugombana, nimejaa furaha.

Nikachomeka. Nikagonga uzi wa nane, ule wa chini kabisa. Lo! Vikombe vikalia kabatini. Sauti ilitoka sakafuni ikapanda magotini. Unashuka karibu kabisa na pale besi ya kaka yangu inapokaa kwenye bendi yetu. Karibu kabisa. Na hicho ndicho nilichokwenda kuagiza, ingawa Randa nilimwambia napenda tu muziki mzito.

Jumapili, 4 Mei

Leo nimeliacha nyumbani, sijalizoea. Nimekwenda hotelini na la zamani. Bustanini kama kila Jumapili mchana, watu wanakula, sisi tunapiga. Sisi wanne tu: Kaka kwenye besi, mimi gitaa, Chuma ngoma, Bibie anaimba.

Kaka kapotea njia tena. Nyimbo ambazo alikuwa anazipiga huku anapiga soga na watu wa meza ya mbele! Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, na yeye anasema ni baridi. Baridi gani, jasho linatutoka! Wifi yangu alikuja kwangu mwanzo wa mwaka, kafunga mlango kabla hajakaa. Kaka yako anaangusha vikombe. Daktari kasema ni mishipa ya fahamu, huenda isirudi. Na usimwambie nimekwambia. Sikumwambia. Siku ile ile nikaenda kwa Randa.

Basi njama yangu ndiyo hii, na hapa naweza kuiandika: Kaka akikosa, nyuzi zangu mbili za chini zitajaza. Juu nitapiga gitaa langu, chini nitamshikia besi. Nani atajua? Watu wana midomo imejaa chakula.

Maana leo Meneja kanivuta pembeni. Besi yenu inachechemea, wateja wameanza kusema, tafuteni mtu wa kuishika au nitatafuta bendi nyingine. Chuma alikuwa nyuma yake, akaitikia kwa kichwa. Chuma! Mtu aliyekula kwa Kaka zaidi ya kwao! Nikamwambia Meneja, nipe Jumapili moja. Akasema moja.

Kaka bila besi simjui. Ndiye aliyenishikisha gitaa, nikiwa sijafika hata umri wa kuvuka barabara peke yangu. Mama alimwambia wasichana hawapigi magitaa. Kaka akajibu, huyu si msichana, huyu ni mdogo wangu. Mama akarudi jikoni.

Jumatatu, 5 Mei

Bega linauma. Ncha za vidole zimechubuka. Nimeshona pindo la pazia la mteja upande wa nje, kwa sababu kichwani nilikuwa napiga besi. Bosi kaniambia fumua. Nikafumua huku naimba. Bosi kaniuliza kama niko mzima.

Niko mzima sana. Nashukuru.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimelifahamu zaidi. Uzi wa nane una domo! Ukiuachia hauachi kuongea, unanguruma chini chini hata ukiwa umehamia kwingine. Inabidi kiganja cha kulia kiulalie muda wote. Na kidole gumba nilichozoea kukichungulisha juu ya shingo — hakuna, kirudi nyuma, shingo ni pana. Nimejifunza kushika gitaa upya, kama mwanafunzi. Ila sauti! Za juu zinang'aa kama za zamani, za chini zimeshiba. Mara moja nimepiga zote pamoja, chini ikatembea na juu ikajibu, nikageuka nyuma kutazama ni nani mwingine yuko chumbani. Haki ya Mungu nimegeuka!

Jirani wa juu kashuka. Nikajiandaa kuomba radhi. Akasema alidhani ni lori limewashwa uani, akakaa kwenye kochi, akaniomba nirudie.

Jioni nikaanza kuzifuata besi za Kaka, wimbo kwa wimbo, kwa kusikiliza tulivyojirekodi zamani akiwa mzima. Jamani, kaka yangu ni mpigaji! Miaka yote hii nilikuwa nimekalia kusikiliza gitaa langu mwenyewe. Huwa anaiwahi ngoma kidogo, kidogo tu, ndiyo maana watu wanatikisa mabega bila kujua kwa nini. Nimerudia mpaka mume wangu akaanza kuziimba bafuni. Nimemchukua Kaka mzima mzima, kama alivyo, sikubakisha kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mazoezi, stoo ya Chuma. Wote wakalishangaa gitaa. Bibie akauliza kama huwa linahitaji tiketi yake likisafiri. Kaka akalizungusha mkononi, akalinusa — huwa ananusa mbao, ni kichaa — akasema Randa safari hii kajitendea haki. Akahesabu nyuzi. Akagusa zile mbili za chini, moja, halafu nyingine. Akanirudishia. Hongera, mdogo wangu. Nikasema asante, macho yangu kwenye waya.

Wimbo wa kwanza, nikamjazia. Wa pili, nikamjazia. Wa tatu una pale besi inaposhuka peke yake kabla Bibie hajarudi kuimba, na pale ndipo Kaka hukwama siku hizi. Nikashuka mimi. Safi! Safi mno! Nikainua macho nijipongeze.

Kaka hajagusa uzi. Mikono yote miwili iko juu hewani, kama mtu aliyesimamishwa na askari. Na besi inaendelea.

Alinitegea.

Chuma alikuwa amefumba macho, Bibie amegeuka anakunywa maji. Aliyeona ni mimi na yeye tu. Akaishusha mikono taratibu, akaingia upya, tukamaliza. Chuma akafumbua macho: mnaona? Leo besi imekaa! Kaka akasema, ndiyo, imekaa. Akafunga begi lake, akaondoka. Chai yake ilibaki pale pale, hajaionja.

Nilikimbia hadi nje. Alishapinda kona.

Ijumaa, 9 Mei

Simu yangu hapokei.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia Wifi. Kaka kashinda sebuleni, besi iko mapajani, anaifuta tu na kitambaa, hapigi. Nikamwuliza, ananisema? Wifi akasema, hakusemi kabisa. Afadhali angenitukana!

Nilidhani namfichia aibu, kumbe nimempelekea nyumbani. Mficha uchi hazai, wanasema. Sawa, lakini yeye kaficha, mimi nikaficha kuficha kwake, na mwisho tumesimama stoo kwa Chuma tukiwa uchi wote wawili. Mume wangu anasema rudi na lile la nyuzi sita kesho, mambo yaishe. Nikamwuliza, na Meneja je? Kesho ndiyo ile Jumapili moja. Nikienda na la zamani, Kaka anaanguka mbele ya watu. Nikienda na hili, namwambia mbele ya watu kwamba nimekaa mahali pake.

Randa naye kapiga simu: mtoto hajambo? Analala? Nikacheka bila kutaka. Nikamwambia hajambo, fundi, ni mzuri kuliko nilivyostahili. Akasema gitaa halina makosa, likikupa shida niletee nilikaze. Mungu ambariki mzee huyu. Angejua nilichotaka kazi yake ifanye.

Nimelitia boksini nilirudishe kwa Randa, nikalitoa, nikakaa nalo saa nzima. Silirudishi. Nakwenda nalo. Liwalo na liwe.

Jumapili, 11 Mei

Naandika mapumzikoni. Chumba cha kuwekea viti, nyuma ya jiko la hoteli, nimekalia kreti ya soda. Naandika haraka, herufi zinakwenda zinakotaka.

Kaka alikuja. Kavaa shati lake la bluu, limepigwa pasi vizuri — hiyo ni kazi ya Wifi. Hakunisalimia kwa maneno, alinipiga bega tu, lile lile linalouma. Wifi kakaa meza iliyo kando ya ukuta, mkoba kaushika kwa mikono miwili.

Wimbo wa kwanza tumekwenda pamoja, yeye na mimi, uzi kwa uzi. Wa pili vidole vikamsaliti, niliviona — kile cha pete kilikaa pembeni ya uzi na chenyewe hakijui. Nikashika. Wa tatu, kabla hata ya pale kwenye mteremko, nikasikia sauti imekuwa nyembamba kidogo. Safi, lakini moja. Ni yangu tu! Nikamtazama. Kaka kazungusha kitufe chake cha sauti mpaka mwisho. Kaizima. Na mkono wa kushoto unatembea shingoni, mabega yanacheza, kichwa kinakwenda, anawacheka watu wa meza ya mbele kama zamani. Akanigeukia, akafanya kwa midomo tu: wahi ngoma!

Nikaiwahi.

Weee! Bustani ikasimama. Sijawahi kupiga hivi, sitapiga tena hivi. Chini inatembea, juu inajibu, na shingo ile ya Randa inateleza mkononi kana kwamba nimezaliwa nayo. Wifi analia, anapiga makofi, mkoba umeanguka. Nilishukuru palepale katikati ya wimbo, kwa sauti, Bibie kadhani naitikia kiitikio.

Meneja akatufuata tulipotua. Hakuniangalia mimi, alimshika Kaka mkono: leo umepiga, mzee! Kaka akamwambia, nimepiga sana. Hata kope hakupepesa. Chuma akaangalia viatu vyake. Nadhani sasa anajua.

Ndipo Kaka kanifuata huku kwenye viti. Akakaa kwenye kreti ya pili. Akachukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akabonyeza ncha za vidole, kimoja kimoja. Vinauma? Nikasema vinauma. Akasema nilikuwa nakuonea wivu, vya kwangu haviumi.

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha. Nilikasirika Alhamisi, akasema, lakini si kwa kunisaidia. Pale kwenye mteremko kuna sauti moja huwa naikosea, miaka yote, Chuma hajawahi kuisikia, mama hakuisikia, Wifi yako hajaisikia. Nimeinua mikono nikakaa kimya — na kosa langu likapita mbele yangu lenyewe, kwenye gitaa lako. Umeniiba mpaka na kosa, ewe mwizi! Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia. Akanipa kitambaa chake kile cha kufutia besi, kinanuka mafuta ya nyuzi.

Akasema, kipindi cha pili pale lirekebishe. Nikasema silirekebishi. Akasema kichwa chako kigumu. Nikasema nimefundishwa na nani?

Halafu akasema asante. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Chuma anagonga vijiti huko nje. Meneja ameita. Kaka ameinuka — kachomoa waya wake kwenye besi, anaukunja, mviringo juu ya mviringo, taratibu, kama tunavyokunja shughuli ikiisha. Shughuli haijaisha. Bado kipindi kizima. Besi iko shingoni mwake, mkanda haujatoka, lakini bila waya haitasikika.

Ananiuliza kipindi cha pili asimame wapi.

Naandika ili nisiinue uso. Meneja ameita tena. Kaka haendi. Amesimama mlangoni, waya umekunjwa mkononi, na anauliza tena, polepole, kama mgeni anayeuliza njia: mdogo wangu, nisimame wapi?