Waya Niliopima kwenye Friza ya Samaki

Kisaka,
Serengeti, Mara.
16 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nchagwa,

Marahaba, shikamoo yako ya Pasaka ilinifikia. Unaendeleaje na baridi ya Ujerumani? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Magoti yanamsumbua Baba, lakini bado anafika zizini mwenyewe, na ukimpa fimbo anakununia.

Mtama umekubali mwaka huu. Boke wangu yuko kidato cha pili kule Issenye, na baiskeli uliyomnunulia ameshaiharibu mara mbili.

Sasa nisizunguke. Mbegu za lile dume jekundu la ng'ombe zimeharibika, mirija yote kumi na miwili niliyoigandisha. Unajua dume lile lilizaliwa na ng'ombe wa mwisho wa marehemu mama, na tangu homa ya ndigana ilipoliua, ile mirija kwenye mtungi wangu wa naitrojeni ya kugandishia ndiyo pekee iliyobaki. Kila asubuhi Baba aliniuliza kama kuna mtamba aliyeingia kwenye joto, tumpandikize.

Kosa ni langu. Uliniambia waya wa kengele, ule unaoshuka mtungini kunijulisha naitrojeni ikipungua, usiwe waya wa kawaida wa nyumbani. Ulisema plastiki yake kwenye baridi ile inakakamaa na kuvunjika, nisubiri utakaonitumia. Mimi, mtaalamu wa mifugo kwa miaka kumi na tisa sasa, nikajifanya najua. Nililaza kipande siku mbili kwenye friza ya samaki ya jirani yetu Agustina, nikakikunja, kikakunjika vizuri. Nikakuona una woga wa wasomi.

Friza ya samaki haifiki hata nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mtungi ni mia moja tisini na sita. Hayo niliyasoma chuoni! Waya ungetulia humo usingekuwa na shida, lakini kila nilipoinua mirija niliukunja, ukapata nyufa nisizoziona. Barafu ikayeyukia kwenye nyufa, umeme ukavuja, kengele ikadanganyika, na taa ya kijani ya kusema naitrojeni ipo ikaendelea kuwaka juu ya mtungi mkavu. Wiki mbili niliipita nikiiamini.

Nilimwambia Baba Jumapili iliyopita baada ya kanisa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuomba ule waya, akazipapasa nyufa kwa kidole muda mrefu, kisha akasema nikuandikie wewe kwa karatasi, kwa kuwa ndiwe niliyekudharau. Nisamehe, mdogo wangu. Nimelia mpaka nimechoka.

Waya wako umefika jana kwa basi la Mwanza. Niliona aibu hata kuutazama, nikataka kuufungia kabatini. Baba akaniona.

"Ufunge leo, Nyangi," akasema. "Wiki ijayo watu wa Kenyamonta wanaleta mbegu zao uwatunzie. Hao bado wana ng'ombe wa mama zao."

Nimeufunga.

Shangazi Tabitha na Kornelio wanakusalimu sana. Mungu wa mama yetu akulinde huko uliko, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na sasa ninayekusikia,
Nyangi